Joe Meek: mtunzi asiyejua noti

Robert George Meek, anayekumbukwa kwa jina la Joe, alizaliwa tarehe 5 Aprili 1929 katika mji mdogo wa Newent, Uingereza. Hakusomea muziki. Hakujua kupiga ala wala kusoma noti. Alichokijua tangu utotoni ni redio na nyaya zake, na alipoingia jeshi la anga alipewa kazi ya ufundi wa rada.

Baadaye alikuwa fundi wa sauti katika studio za London, ambako majaribio yake yaliwakera wakubwa. Mwaka 1960 akapanga ghorofa tatu juu ya duka la bidhaa za ngozi, namba 304 Holloway Road, akaigeuza nyumba kuwa studio. Wapiga ala walikaa chumba kimoja, yeye na mashine zake chumba kingine. Bafu lilitumika kuzipa sauti mwangwi. Mwaka 1964, kwa wimbo wa kundi la Honeycombs, watu walikanyaga ngazi za mbao kwa vishindo, na kishindo hicho kikawa ngoma.

Namna yake ya kutunga ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wanafunzi wa lugha. Alijiimbia kwenye kanda, mara nyingi akipotea njia ya sauti. Kisha mwanamuziki aliyesoma aliisikiliza kanda ile, akapambanua lipi ni wimbo na lipi ni kosa la koo, akaandika. Ndivyo ilivyozaliwa Telstar mwaka 1962, iliyopewa jina la setilaiti iliyorushwa Julai ya mwaka huo. Geoff Goddard, aliyesomea muziki, alipiga clavioline, kinanda kidogo cha umeme. Santuri hiyo ya kundi la Tornados ikashika nafasi ya kwanza Uingereza, kisha Marekani, na kuuzwa kwa mamilioni.

Lakini fedha hazikumfikia. Mtunzi Mfaransa, Jean Ledrut, alidai kwamba wimbo umeibwa kutoka muziki wake wa filamu Austerlitz. Mahakama ikazuia malipo ya mtunzi kwa miaka kadhaa. Madeni yakaongezeka, na akili yake ikazidi kuchafuka. Tarehe 3 Februari 1967 alimuua kwa bunduki mama aliyempangisha nyumba, Violet Shenton, kisha akajiua. Mwaka 1968 shauri likaisha kwa kumpa haki.

Mauaji yale hayafutwi na sifa yoyote. Hata hivyo kazi iliendelea kuishi. Steve Howe, aliyerekodi kwa Meek akiwa kijana katika kundi la Syndicats, alikuja kuwa mpiga gitaa wa Yes, mojawapo ya makundi makubwa ya roki progresivu. Na leo yeyote anayetunga chumbani kwake bila kusomea, akitabakisha sauti juu ya sauti, anapita njia aliyoifyeka Meek.

Katika fasihi simulizi tunafundishwa kwamba mtunzi si lazima ashike kalamu. Maisha haya yanatukumbusha upande wa pili: kinywa huhitaji sikio lenye subira. Kama wasingekuwapo wale waliokaa kuisikiliza kanda mbovu hadi wakaupata wimbo ndani yake, Telstar ingebaki kelele za mtu mmoja ghorofani.