Sundar Popo, mlinzi wa kiwanda aliyeitoa chatini harusini

Unapozungumzia chatini, muziki wenye jina lile lile la kachumbari kali ya Kihindi, huwezi kuacha kumtaja Sundar Popo.

Mwanamuziki huyo alizaliwa Novemba 4, 1943, Barrackpore, kusini mwa Trinidad, katika jamii ya Wahindi waliopelekwa kisiwani humo kati ya 1845 na 1917 kufanya kazi za mkataba katika mashamba ya miwa. Kabla ya kupata jina alikuwa mlinzi wa kiwanda.

Nyimbo hizo ziliimbwa zaidi na wanawake, faraghani, wakati wa harusi. Mwaka 1970 hivi, Popo alitoa Nana and Nani, kichekesho cha babu na bibi, akichanganya Kihindi na Kiingereza cha mitaani. Lugha iliyoonekana ya kishamba ikasikika redioni.

Lakini heshima kubwa, kwa maoni ya mwandishi, ilikuja 1995. Black Stalin, Mtrinidad mwenye asili ya Afrika, alitwaa taji la kalipso kwa nyimbo mbili, mmojawapo ukimsifu Popo, katika nchi ambayo siasa zake huwagawa Waafrika na Wahindi.

Popo alifariki dunia Mei 2, 2000, akiwa na umri wa miaka 56.