Frederick Douglass alinunua herufi kwa mkate

Sisi tunaolalamika juu ya dikte, tumwangalie huyu. Alizaliwa mtumwa huko Maryland, Marekani, mwaka 1818. Kule Baltimore bibi wa nyumba akaanza kumfundisha a, b, c. Bwana akakataza kabisa, sababu aliona mtumwa akijua kusoma hatakubali tena utumwa. Kumbe mtoto alisikia! Basi akawa anatoka na mkate, anawapa watoto Wazungu maskini wa barabarani, nao wanamfundisha kusoma. Mwaka 1838 akatoroka kwa gari la moshi, amevaa kama baharia, na karatasi za kuazima. Mwaka 1847 akaanzisha gazeti lake mwenyewe kule Rochester. Utumwa ulikomeshwa 1865. Yeye alikufa 1895, siku ile ile ametoka kwenye mkutano wa haki za wanawake.