Bi Mary Bethune na Senti za Mshoni

Wazee wetu walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii sote twaijua tangu utotoni, ila aghalabu twaikumbuka pale anapotakiwa kutoa mwenzetu. Leo, msomaji wangu, nitakusimulia maisha ya mama mmoja wa Marekani aliyefariki mwaka 1955, kwani sijaona maisha yaliyoithibitisha methali hii kama yake. Sababu ya kuyasimulia ninayo, nami nitaitaja mwisho.

Mary McLeod alizaliwa tarehe 10 Julai 1875 karibu na mji mdogo wa Mayesville, jimbo la South Carolina, mtoto wa 15 kati ya watoto 17. Wazazi wake, Samuel na Patsy, walikuwa watumwa hadi utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865. Alikua akichuma pamba pamoja na nduguze. Siku moja, katika nyumba ya Wazungu, alishika kitabu, na mtoto wa nyumba ile akamwambia akiweke chini, kwani yeye hajui kusoma. Neno lile lilimchoma. Wamishenari walipofungua shule ya watoto weusi, nyumbani kwao aliweza kuachiliwa mmoja tu aache shamba akasome, naye akawa ndiye. Alikwenda maili kadhaa kwa miguu, na jioni akawafundisha wenziwe aliyoyapata.

Masomo ya pale yalipokwisha, mlango ukafungwa, kwani karo ya shule ya mbele haikuwapo. Basi mbali sana, katika mji wa Denver, alikuwako mwanamke wa Kizungu, jina lake Mary Crissman. Huyu hakuwa tajiri. Alikuwa mshoni wa nguo. Alitenga sehemu ya pato la sindano yake ili kumsomesha msichana mmoja mweusi atakayeitumia nafasi hiyo vizuri. Mwalimu wa Mary, Bi Emma Wilson, akamchagua mwanafunzi wake. Mwaka 1888 Mary akaingia Scotia, shule ya bweni ya wasichana huko North Carolina.

Hapa napenda tutue kidogo. Karo ilitoka kwa mshoni, lakini siku ya safari majirani waliacha kazi mashambani. Huyu alikuwa amemfumia soksi, yule amempa nguo, na wote wakamsindikiza hadi kwenye gari la moshi. Walikuwa watu waliotoka utumwani juzi, wasio na akiba. Binti yule akaondoka akijua kwamba anawasomea wengi.

Alipohitimu mwaka 1894 alisoma tena huko Chicago, nia yake iwe kuja Afrika kufanya kazi ya umishenari. Akajibiwa kwamba hapakuwa na nafasi huko kwa mtu mweusi! Akarudi Kusini, akafundisha Augusta, Georgia, chini ya Bi Lucy Laney, mwanamke mweusi aliyekuwa ameijenga shule yake kutoka kwa watoto wachache tu. Kwa mama huyu aliona jambo ambalo karo pekee haliwezi kumwonyesha mtu: kwamba asiye na kitu naye aweza kusimamisha shule.

Mwaka 1898 aliolewa na Bwana Albertus Bethune, wakapata mtoto wa kiume, Albert. Mwezi Oktoba 1904, huko Daytona, Florida, akafungua shule yake akiwa na dola moja na nusu, wasichana 5 na mwanawe. Makasha yalikuwa ndiyo madawati, vijiti vilivyounguzwa vilikuwa ndiyo kalamu, na wino ulikamuliwa kwenye matunda ya porini. Mimi niliyesomea chuoni juu ya mkeka, nikiandika ubaoni kwa wino wa masizi, sikuona ajabu.

Pesa alizipata kwa kuuza mikate ya viazi vitamu na aiskrimu kwa vibarua. Akanunua ardhi iliyokuwa jaa la taka. Kisha akabisha milango ya matajiri waliokuja Florida kukimbia baridi, na mmoja wao, James Gamble, wa ile kampuni mashuhuri ya sabuni, akawa mdhamini wa shule. Mwaka 1923 shule iliungana na ile ya Cookman, ikakua, ikawa chuo. Leo ni chuo kikuu kiitwacho kwa jina lake.

Mwaka 1936, wakati wa Rais Roosevelt, Bi Bethune alitiwa kuangalia mambo ya vijana weusi katika shirika la serikali lililowapa wanafunzi kazi za saa chache ili wasiache masomo. Alikaa huko hadi 1943. Alipigania vijana weusi wapate fungu lao, na likawekwa fungu la pekee kwa waliotaka shahada za juu, kwa vile vyuo vikuu vya majimbo ya Kusini vilikuwa vikiwafungia mlango. Mwaka 1944 alishirikiana na Dakta Frederick Patterson kuanzisha mfuko wa pamoja wa vyuo 27 vya watu weusi, United Negro College Fund, ambao hadi leo hulipia vijana masomo. Mwaka 2022 sanamu yake iliwekwa katika jengo la Bunge huko Washington.

Sasa sababu yangu. Miaka mingi iliyopita, baada ya sala ya isha, mzee mmoja mtaani kwetu alipita na daftari, akimchangishia kijana aliyepata nafasi ya chuo. Mfukoni nilikuwa na shilingi 50. Niliona haya kuandikisha kiasi hicho mbele ya watu, nikamwambia mzee anipitie mwisho wa mwezi. Hakunipitia, nami sikumtafuta. Kijana yule hakwenda chuo. Sisemi kwamba shilingi 50 zangu ndizo zilizomzuia; nasema tulikuwa wengi wenye shilingi 50.

Daftari la namna ile lingali lapita mitaani kila matokeo ya mtihani yatokapo. Likikufikia, ndugu yangu, andika ulicho nacho. Kisha, muhula ukianza, mtafute yule kijana umuulize masomo yamwendeaje.