Sayyida Salme: Mapenzi Yaliyokuwa Raha na Mzigo

Katika opera za Kiitaliano, mapenzi huwa raha na mzigo kwa pamoja. Aida ya Giuseppe Verdi, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini Cairo mwaka 1871, inamsawiri binti mfalme wa Uhabeshi anayempenda jemadari wa maadui wa babake na kufa naye kaburini. Unguja ilikuwa na binti mfalme wa namna hiyo, ila yake hayakuwa maigizo.

Sayyida Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, mtoto wa Sultani Sayyid Said na suria wake, Jilfidan. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma tu. Salme alijifunza kuandika kwa siri. Mwaka 1859 kalamu hiyo ilimwingiza katika uasi wa nduguye Barghash dhidi ya Sultani Majid, nduguyo mwingine. Uasi ulishindwa.

Baadaye alihamia mjini, akawa jirani wa Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Wakapendana. Aliposhika mimba, alitoroka kwa manowari ya Waingereza mnamo Agosti 1866 hadi Aden, akajifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa siku iyo hiyo. Mtoto yule alifariki safarini kuelekea Ujerumani. Huko Hamburg walijaliwa wengine watatu, lakini Agosti 1870 Ruete aliuawa katika ajali ya tramu.

Hapa ndipo Salme anapoachana na Aida. Mhusika wa opera hufa, pazia likafungwa. Salme aliishi zaidi ya miaka 53 baada ya mumewe. Alilea watoto ugenini bila urithi wake. Mwaka 1885 alirejea Unguja na manowari za Wajerumani, waliomtumia kwa maslahi yao. Barghash, aliyekuwa Sultani tangu 1870, hakumpokea. Kilichomfaa ni ile kalamu ya siri: mwaka 1886 alichapisha tawasifu yake mjini Berlin.

Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mchanga wa Unguja aliokuwa ameutunza. Kwetu tunaosoma Kiswahili hapa Kanduyi, mbali na pwani, tawasifu hiyo yafaa isomwe sambamba na tamthilia za mapenzi: maisha yake yaliendelea pale ambapo tamthilia nyingi hukomea.