Mzee Broglio wa Malindi na gesi yetu ya bonde la Rukwa

Baridi ya huku juu Sumbawanga mnaijua wenyewe, ikifika saa kumi na mbili jioni mtu unatafuta koti na kikombe cha chai. Juzi kijiweni ubishi ulikuwa mkali: ile gesi ya heliamu ya bonde la Ziwa Rukwa, pale chini ya Lyamba lya Mfipa. Tangu Juni 2016 watafiti wa Oxford na Durham, wakiwa na kampuni ya Helium One, walipotangaza kwamba iko nyingi, hapa kwetu haipiti wiki bila mtu kuigusia. Mwaka 2024 kisima cha Itumbula West, kusini mwa bonde, kikatoa heliamu hadi juu, ubishi ukapamba moto. Jamaa mmoja akasema wachukue tu, mradi watuachie barabara na mrabaha. Mwingine akauliza, hiyo gesi wanaipeleka wapi? Nikamjibu kwamba inapoozea mashine kubwa za hospitali, na pia inasukuma mafuta kwenye matangi ya roketi. Yaani roketi za kwenda angani. Watu wakacheka.

Basi nikamkumbuka mzee mmoja wa Kiitaliano ambaye Waswahili wa Malindi walimwona kwa macho yao, na wengi wetu wa bara hatumjui kabisa. Ngoja niwape habari zake, mtaona kwa nini nimemleta Ufipa.

Luigi Broglio alizaliwa Mestre, karibu na Venice, tarehe 11 Novemba 1911, akakulia Roma. Alisomea uhandisi chuo kikuu cha Roma, kile wanachokiita La Sapienza, akawa afisa mhandisi wa jeshi la anga na baadaye mwalimu na mkuu wa shule ya uhandisi wa anga pale pale chuoni. Hayo ya ujana nayapita haraka, maana kazi yake hasa inaanza akiwa na umri wa miaka hamsini hivi.

Mwaka 1961 Warusi na Wamarekani walikuwa wanashindana angani. Italia haikuwa na roketi ya kurusha satelaiti. Ilikuwa na Broglio. Akamwendea waziri mkuu, Amintore Fanfani, na mpango wake akauita San Marco. Fanfani akakubali. Mwaka uliofuata Italia na NASA wakatia saini mkataba, na hapa ndipo naomba wadau msome taratibu.

Broglio hakuwaomba Wamarekani wamrushie satelaiti. Aliomba wamfundishe kurusha. Mkataba ulikuwa hivi: Marekani inatoa roketi aina ya Scout na mafunzo, Italia inatengeneza satelaiti yake na kiwanja chake cha kurushia, matokeo ya utafiti wanagawana, na hakuna anayemlipa mwenzake. Vijana wake wakaenda Marekani kujifunza. Tarehe 15 Desemba 1964, kule Wallops Island, satelaiti San Marco 1 ilipaa kwa Scout ya Marekani, lakini walioirusha ni Waitaliano wenyewe. Ilikuwa roketi ya kuazima, sawa, ila ujuzi ulikuwa umeshaingia mikononi mwao na hauwezi kurudishwa.

Sasa kiwanja. Mzee alitaka ikweta. Pale dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi ikielekezwa mashariki inapata msukumo huo bure. Italia ilikuwa mbali na ikweta, kwa hiyo akaja Kenya, iliyokuwa imepata uhuru Desemba 1963 tu. Kwenye ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, akasimamisha majukwaa ya chuma baharini. Moja, Santa Rita, lilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta. La pili, San Marco, lilitokana na gati la jeshi la Marekani. Vitu vya mtumba hivyo, jamani! Machi 1964 roketi ndogo za utafiti zilikuwa tayari zinaruka kutoka Santa Rita, na tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ikapaa kutoka baharini Kenya hadi kwenye mzunguko wa dunia.

Ndani ya satelaiti hiyo kulikuwa na chombo alichokibuni mwenyewe, mizani ya Broglio. Ganda la nje limeshikwa na kiini cha ndani kwa mikono inayonepa. Hata huko juu kuna hewa kidogo sana. Ikiligusa ganda, mikono inanepa kidogo, nawe unapima unene wa hewa. Rahisi kuelezea, ngumu kutengeneza.

Baada ya hapo Wamarekani wenyewe wakawa wateja. Tarehe 12 Desemba 1970 wafanyakazi wa Broglio waliirusha satelaiti ya NASA kutoka majukwaa yale yale, mara ya kwanza satelaiti ya Marekani kurushwa na nchi nyingine. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Ndiyo, neno letu hili hili. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota tu, na vipimo vyake vilisaidia wataalamu kuamini kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Nobel mwaka 2002. Waingereza nao walileta Ariel 5 mwaka 1974. Hadi roketi ya mwisho, Machi 1988, satelaiti 9 zilikuwa zimetoka pale.

Mwisho wake haukuwa mtamu. Alitaka Scout kubwa zaidi ijengwe ili majukwaa yaendelee na kazi, serikali yake ikapeleka fedha kwingine. Alifariki Roma tarehe 14 Januari 2001, na kituo cha Malindi kikaja kupewa jina lake.

Nakiri ninamheshimu mzee huyu, lakini kuna jambo linanisumbua. Aliyoyadai kwa Wamarekani, Kenya haikuyapata kwake. Kenya ilitoa bahari na ikweta, ikapata kodi, ajira na jina la satelaiti. Miaka mingi Wakenya wamelalamika kwamba faida ni ndogo. Mkataba mpya ulisainiwa Trento mwaka 2016 na kuanza kazi 2020, huo ukiwa na mafunzo na kugawana takwimu ndani yake. Na mwaka 2018 satelaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyotengenezwa pamoja na La Sapienza, chuo cha Broglio huyo huyo, iliachiwa angani kutoka kituo cha kimataifa. Kati ya 1964 na 2018 ni miaka 54, wadau.

Babu zetu Wafipa walikuwa mafundi wa chuma. Mabaki ya malungu yao marefu bado yapo, na hawakuuza udongo wenye chuma, waliuza majembe. Kwa hiyo kijiweni nimeshabadili swali langu. Siulizi tena mrabaha ni asilimia ngapi. Nauliza ni vijana wangapi wa Rukwa na Songwe watafundishwa kuisafisha, kuipoza na kuipima hiyo heliamu, na hilo limeandikwa kifungu gani.

Mdau wa Malindi au Ngomeni unayesoma hapa, kama mzee wako alifanya kazi kwenye majukwaa yale, tuambie alifundishwa nini.