Reginald Moreau na Ndege wa Milima Yetu

Wanafunzi wengi hupata taabu kuelewa jinsi spishi moja ya viumbe inavyoweza kugawanyika ikawa mbili. Maisha ya Reginald Moreau yanatupatia njia ya kulifundisha jambo hilo kwa kutumia milima yetu wenyewe.

Moreau alizaliwa Uingereza mwaka 1897. Hakusomea sayansi katika chuo kikuu. Alikuwa karani wa ukaguzi wa hesabu za jeshi. Kwa sababu ya maradhi ya viungo alihamia Misri, na huko akaanza kuchunguza ndege. Mwaka 1928 alikuja Amani, katika milima ya Usambara, kufanya kazi za ofisi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Alikaa huko hadi mwaka 1946.

Moreau alitambua kwamba kwa ndege wa msituni mlima ni kisiwa, na nyika kavu ni bahari. Mwaka 1933 alieleza kuwa zamani, wakati wa baridi, misitu ilishuka chini na kuenea. Joto liliporudi ikabaki vileleni, na ndege wakatengana. Waliotengana hawazaliani, hivyo mabadiliko ya kila kundi hubaki ndani ya kundi hilo. Vizazi vingi vikipita, makundi hayo huweza kutofautiana hata yasiweze kuzaliana tena yakikutana. Hapo spishi zimekuwa mbili.

Chukua mfano wa kinengenenge, ndege mdogo mwenye duara jeupe machoni. Yule mwenye duara pana huishi Meru na Kilimanjaro. Pare ya Kusini ina wake, aliyepewa jina la Winifred, mke wa Moreau. Zamani wataalamu wengi waliwahesabu kuwa spishi moja. Katika karne hii uchunguzi wa jeni umewatenganisha.

Basi mwalimu wa Nkoaranga awatoe wanafunzi nje, awaonyeshe msitu wa Meru na nyika iliyo chini yake, kisha awaulize: ni nini kinachomzuia ndege wa msituni kuvuka? Awaachie nafasi ya kujadiliana kabla ya kuwapa jibu.

Moreau alifariki mwaka 1970. Kinengenenge wa Pare ya Kusini hana kwao kwingine. Msitu ule ukifyekwa, hakuna mlima mwingine utakaoturudishia ndege huyo. Mtoto aelewe hayo angali shuleni.