Bwana Lloyd Mathews wa Unguja

Bwana Lloyd Mathews alizaliwa mwaka 1850, naye akaingia manowari za Uingereza angali mtoto wa miaka 13. Mwaka 1875 alifika Unguja kukamata majahazi yaliyochukua watumwa. Seyyid Barghash akamtaka awafundishe askari wake. Basi akaacha ubaharia. Mwaka 1891 akawa Waziri Mkuu, kazi nzito kuliko vita, maana mali ya serikali ilitengwa na mali ya Sultani, jambo lisilompendeza Seyyid Ali. Mwaka 1897 Seyyid Hamoud alitoa amri kwamba mtumwa aweza kudai uhuru wake barazani. Lakini masuria hawakuingizwa, nao wakangoja mpaka 1909. Mathews hakuyaona hayo. Alikufa kwa homa ya malaria mwaka 1901, akazikwa Unguja.